Bangi ikihalalishwa, kwa nini dereva wa biashara ndiye anayebanwa zaidi?

#1 Nyegezi Stendi

Mwangaluka wakuu.

Kuna hoja inazunguka vijiweni, hapa Mwanza, kuanzia Nyamhongolo mpaka Usagara, kwamba dunia imeshairuhusu bangi, kwa hiyo siku si nyingi hata dereva wa semi ataiwasha mchana kweupe huku mguu uko kwenye mafuta. Mimi naona kinyume kabisa. Colorado na Washington walipiga kura ya kuiruhusu 2012. Kanada wakafungua Oktoba 17, 2018. Afrika Kusini mahakama ya katiba ikasema mwezi Septemba mwaka huohuo mtu mzima avute kwake. Ujerumani wakafuata Aprili 1, 2024. Raia wa kawaida kalegezewa kamba, lakini mwenye leseni ya kubeba abiria au mzigo kote huko bado anakojoleshwa kwenye kikopo, na akikutwa nayo, kazi hana.

Swali langu: kwa nini? Ni sheria, ni sayansi, ni bima, au ni roho mbaya tu? Wajuvi karibuni. Natia nanga.

#2 Fuso Nyeusi

Roho mbaya. Uzi ufungwe.

#3 Wakili Kahawa Chungu

Mleta uzi umeanza vizuri ukaharibu kwenye mstari wa kikopo. "Kote huko" si kweli. Kikopo cha lazima kwa kila dereva wa lori ni habari ya Marekani. Kanada hakuna sheria ya nchi nzima inayomlazimisha mwenye malori kuwapima madereva wa safari za ndani. Mkanada anayevuka mpaka kuingia Marekani ndiye anayeingia kwenye utaratibu wa Wamarekani, mkojo na makaratasi yake yote. Ujerumani wao wanakwenda na damu, na ni mpaka wakukamate barabarani.

Marekani sababu ni ya kisheria na inaeleweka. Jimbo linaruhusu, serikali kuu hairuhusu. Kwenye sheria yao ya dawa ya 1970 bangi iliwekwa Jedwali la Kwanza, yaani kundi la dawa zinazobanwa kuliko zote, pamoja na heroini. Leseni ya lori kubwa, ile CDL, inatolewa na jimbo lakini masharti yake ni ya serikali kuu, kupitia wizara ya uchukuzi na FMCSA, mamlaka yake inayosimamia malori na mabasi. Kwa hiyo dereva anaweza kununua bangi dukani Denver, Colorado, akapewa risiti na mfuko, na bado matokeo yake yakahesabiwa sawasawa na ya mtu aliyeinunua uchochoroni. Hata cheti cha daktari wa jimbo kwamba anaitumia kama tiba hakipokelewi. Daktari anayehakiki majibu amekatazwa kabisa kukikubali.

#4 Mchuzi wa Sangara

Kwa hiyo wakiitoa Jedwali la Kwanza mchezo umekwisha? Maana Mei 2024 wizara yao ya sheria ilipendekeza ishushwe hadi Jedwali la Tatu.

#5 Wakili Kahawa Chungu

Hapo ndipo patamu. Maabara zinazopima madereva zinafuata mwongozo wa wizara yao ya afya, na mwongozo huo umejengwa juu ya dawa za Jedwali la Kwanza na la Pili. Ukiishusha hadi la Tatu, mwanasheria yeyote mwenye njaa atauliza: mnampima kwa mamlaka gani? Chama cha wenye malori cha kule kililiona shimo hilo mapema, kikaomba kabla ya kushusha ihakikishwe kwamba upimaji wa madereva unabaki. Yaani waajiri wenyewe ndio wanaoililia kamba. Upande wa pili kuna sheria ya bunge lao ya 1991 inayoagiza madereva wapimwe. Wengine wanasema hiyo inatosha, wengine wanasema haitoshi.

Angalia pia kwamba Jedwali la Tatu maana yake ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Hakuna mahali pameandikwa kuwa ni ruhusa ya kujiburudisha.

#6 Kipimajoto

Wakili kasema ya kitabuni. Mimi nasema tatizo liko kwenye kemia, na hata sheria ikibadilika kesho kemia haibadiliki.

Pombe ina adabu. Mwilini inashuka kwa mwendo unaokadirika, kama miligramu 15 katika kila mililita 100 za damu kwa saa. Mtu akikutwa na 50 saa mbili baada ya ajali, unachukua kalamu unarudi nyuma unakadiria alikuwa na ngapi akiwa kwenye usukani. Kiwango cha pombe na kiwango cha ulevi vinakwenda pamoja.

THC, ile inayolevya kwenye bangi, haina adabu hiyo. Ukiivuta, ndani ya dakika chache damu imejaa. Saa moja hadi mbili baadaye sehemu kubwa imetoweka kwenye damu, haikutoka mwilini, imekimbilia kwenye mafuta na kwenye ubongo. Damu inaonyesha kidogo wakati mtu bado kalewa. Halafu kwa mvutaji wa kila siku, mafuta yale yanairudisha kidogokidogo, kwa hiyo unaweza kumkuta na nanogramu kadhaa asubuhi na hajavuta tangu jana. Ukiila kwenye keki ndiyo balaa jingine: inachukua nusu saa hadi saa mbili kupanda, na mtu anaweza kuianza safari akiwa mzima akalewa akiwa njiani.

Sasa mkojo. Mkojo hautafuti THC yenyewe. Unatafuta mabaki yake ambayo ini limeshayachakata, na mabaki hayo hayalevyi mtu. Aliyevuta mara moja atakuwa nayo siku chache, mvutaji sugu anaweza kuyabeba mwezi na zaidi. Kipimo cha kwanza cha Wamarekani kinakatia nanogramu 50 kwa mililita. Ukivuka, wanarudia kwa mashine kubwa inayokatia 15. Lakini ukifeli, karatasi inasema umetumia. Haisemi lini, wala haisemi ulikuwa umelewa.

Kwa hiyo mleta uzi, jibu langu: dereva anabanwa kwa sababu hakuna kipuliza cha bangi, yaani kipimo cha pumzi kama cha pombe, cha kuaminika. Ukishindwa kupima ulevi unaamua kupima matumizi, na matumizi ukiyaruhusu huna tena cha kupima.

#7 Utingo Mstaafu

#6 umenifungua macho. Lakini mbona Kanada wameweka namba? Nilisikia nanogramu 5.

#8 Kipimajoto

Wameweka, ndiyo. Sheria yao ya jinai: THC kuanzia 2 ila chini ya 5 kwa mililita ya damu, ndani ya saa mbili baada ya kuendesha, ni kosa dogo. Kuanzia 5 ni kosa kubwa. Ukichanganya na pombe, inatosha 2.5 pamoja na miligramu 50 za pombe kwa mililita 100, kwa sababu viwili hivyo vikikutana vinaharibu zaidi kuliko kimoja kimoja. Uingereza tangu Machi 2015 ni 2 tu. Ujerumani walikuwa na 1 kwenye majimaji ya damu, Agosti 2024 wakapandisha hadi 3.5, faini euro 500 na mwezi mmoja bila leseni.

Sasa jiulize: 1, 2, 3.5, 5. Binadamu ni yuleyule, mmea ni uleule. Hizo ni namba za mezani. Kila nchi ilikaa ikakubaliana na hofu yake.

#9 Mwana Busisi

"Namba za mezani" umezidisha mkuu. Ile miligramu 80 ya pombe nayo ilikaliwa mezani. Kila mpaka wa kisheria unakaliwa mezani, tofauti ni ushahidi uliokuwepo juu ya meza.

#10 Kipimajoto

Nakubali nusu. Kwenye pombe meza ilikuwa imejaa.

#11 Binti Ukerewe

Naona wote mnazunguka. Mnasahau pombe yenyewe. Pombe ni halali Mwanza nzima, baa zimejaa mpaka Kirumba, hakuna mzozo wa serikali kuu na jimbo, na kipuliza kipo. Pamoja na hayo dereva wa biashara kabanwa kuliko wengine. Hapa kwetu dereva wa kawaida mpaka ni miligramu 80 kwa mililita 100 za damu, dereva wa biashara ni sifuri. Marekani raia 0.08 (ndiyo hiyohiyo 80, ila kwa gramu), mwenye CDL 0.04, na haruhusiwi kugusa kinywaji saa nne kabla ya zamu. Afrika Kusini raia 0.05, dereva wa kitaaluma 0.02.

Kwa hiyo si jedwali wala kemia. Ni uzito. Semi iliyojaa ikikosa breki kwenye mteremko haiulizi sheria ya jimbo. Basi lina roho hamsini na kitu. Halali ya sebuleni haijawahi kuwa halali ya usukani, na bangi imeingia tu kwenye foleni ambayo pombe ilikuwa imeshasimama.

#12 Fuso Nyeusi

Dada hapo umenichoma. Nafuta #2.

#13 Nyegezi Stendi

#11 ina nguvu, ila haijibu kwa nini pombe wanaruhusu 0.04 wakati bangi ni sifuri hata ya wiki iliyopita. Dereva wa Marekani anaweza kunywa Jumamosi akaingia zamu Jumatatu. Akivuta Jumamosi, Jumatatu kikopo kinamkamata.

#14 Mwamba wa Bismarck

Kwa wanaofuata uzi bila kujua kikopo kinavyofanya kazi, naweka utaratibu wa Marekani kidogo maana watu wanadhani ni kukojoa tu.

Kabla dereva hajaingia, mchukua sampuli anafunga bomba zote za maji na anatia rangi ya bluu kwenye maji ya choo, ili mtu asichote akachanganya. Dereva anavua koti, anamwaga mifukoni, ananawa mikono. Anatakiwa alete angalau mililita 45. Ndani ya dakika 4 kipande cha kupima joto kwenye kikopo lazima kisome kati ya nyuzi 32 na 38. Nje ya hapo anachukuliwa mwingine papohapo huku wanamwangalia. Mkojo unagawanywa mbele yake: chupa A mililita 30, chupa B mililita 15, zinafungwa kwa lakiri, dereva anatia saini. Akifeli A ana saa 72 tangu aambiwe na daktari kuomba B ipimwe maabara nyingine. Akishindwa kukojoa anapewa maji, yasizidi kama lita 1.2, na saa tatu za kusubiri. Ikishindikana bila sababu ya kitabibu, amekataa. Na kukataa ni sawa na kufeli.

Wanapimwa lini? Kabla ya ajira. Kwa kushtukiza, ambapo tangu 2020 idadi ya vipimo kwa mwaka inatakiwa kufikia nusu ya madereva. Baada ya ajali yenye kifo au zile kubwa walizozitaja: pombe ndani ya saa 8, dawa ndani ya saa 32. Kwa kushukiwa, na anayeshuku awe amepata mafunzo. Kisha kuna kurudi kazini: unapitia mtaalamu wa uraibu, unapima ukiwa unaangaliwa, halafu angalau vipimo sita vya kushtukiza ndani ya miezi 12 ya kwanza, na wanaweza kukufuata mpaka miaka mitano.

Zamani dereva aliyefeli kwa tajiri mmoja alihamia kwa tajiri wa pili kimyakimya. Januari 6, 2020 wakafungua daftari la taifa, wanaliita Clearinghouse, na tangu Novemba 18, 2024 jimbo linatakiwa kumshusha leseni yeyote aliye na alama nyekundu humo. Zaidi ya nusu ya waliofeli humo ni bangi.

#15 Mchuzi wa Sangara

Maji ya bluu chooni! Wazungu wana mambo.

Lakini nimesoma California wamepiga marufuku kupima bangi tangu Januari 2024. Sasa inakuwaje?

#16 Wakili Kahawa Chungu

Hawakupiga marufuku kupima. Walisema mwajiri asimnyime mtu kazi kwa sababu ya yale mabaki yasiyolevya ambayo Kipimajoto kaeleza #6. Na humohumo kwenye sheria wakaandika kwamba vipimo vinavyoagizwa na serikali kuu haviguswi. Dereva wa lori kabaki nje ya mwavuli. Karani wa ghala amelindwa, anayelitoa lori ghalani hajalindwa.

Na hii inafanana sana na Afrika Kusini. Mwezi Aprili 2024 Mahakama ya Rufani ya Kazi ilisema kampuni moja ilimbagua mfanyakazi wa ofisini kwa kumfukuza kutokana na mkojo wenye bangi, wakati anavuta nyumbani na kazi yake ni ya mezani. Akalipwa fidia ya mishahara ya miezi 24. Wengi wakashangilia kijumla. Ukiisoma vizuri, uzito wa hoja ulikuwa kwamba kazi yake si ya hatari. Dereva akiipeleka kesi hiyohiyo anaanza akiwa nyuma.

#17 Dagaa Mchele

Mnaongelea Ulaya na Marekani wakati malori yetu yanakwenda Rusumo, Mutukula, Sirari na Tunduma. Tuleteeni ya huku.

#18 Mwana Busisi

Sawa, ya huku.

Rwanda 2021 waliruhusu kulima bangi ya tiba kwa ajili ya kuuza nje. Kuvuta bado ni jinai. Malawi 2020 wametunga sheria ya kilimo chake kwa tiba na viwanda. Zambia 2021 vilevile. Dereva anasikia "Zambia wameruhusu" kule Tunduma, anadhani akivuka Nakonde yuko huru. Leseni ni ya mkulima na kiwanda, si ya kijiti mfukoni mwa utingo. Afrika Kusini yenyewe, pamoja na sheria iliyosainiwa Mei 2024, kuuza na kununua bado hairuhusiwi.

Mfano wa karibu zaidi na sisi wala si bangi. Ni mirungi. Isebania upande wa Kenya ni zao la biashara, inauzwa kwenye majani ya mgomba peupe. Ukivuka hatua chache kuja Sirari ni dawa ya kulevya chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Sura ya 95, ya mwaka 2015. Dereva anayetafuna kuzuia usingizi anaanza akiwa mtu halali na anamalizia mtuhumiwa, na fungu lilelile liko kwenye kibin. Hapo hata gari linaweza kutaifishwa likionekana limetumika kusafirisha. Tajiri aliyelala Mwanza ndiye atakayehangaika kuthibitisha kwamba hakujua.

#19 Utingo Mstaafu

Tusisahau Tarime hapo katikati, panaposifika kwa bangi. Barabara ya Sirari kuja Magu ina macho mengi kwa sababu hiyo.

#20 Fuso Nyeusi

Na zamani palikuwa na kivuko cha Kigongo. Gari lilisimama, polisi wakapata muda wa kunusa. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 watu wanapita kama upepo.

#21 Mwana Busisi

Kunusa si ushahidi mkuu. Ndiyo maana trafiki wetu wana kipuliza cha pombe na kwa bangi wanabaki kukutazama macho mekundu, ambayo baada ya kilometa zaidi ya 1,100 kutoka Dar kila dereva anayo.

#22 Wakili Kahawa Chungu

Na hapo ndipo sheria yetu ilipolegea. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ya 1973, kifungu cha 44: kosa ni kuendesha ukiwa umelewa pombe au dawa *kiasi cha kushindwa kulimudu gari*. Kwa pombe kuna kifungu cha 45 chenye namba. Kwa dawa hakuna namba. Mwendesha mashtaka inabidi athibitishe vitu viwili: kwamba dawa ilikuwemo, na kwamba ilimshinda kuendesha. Cha kwanza sampuli iende kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza. Kielelezo kikipita mikono minne bila saini, wakili wa utetezi anachezea hapo siku nzima. Cha pili ni shahidi aliyeona gari likiyumba.

Kinachofanyika mara nyingi ni kuacha 44 na kushtaki kwa kukutwa na bangi kwa Sura ya 95. Rahisi zaidi, kielelezo kiko mkononi.

#23 Nyegezi Stendi

Kwa hiyo kwetu dereva anabanwa na mmea uliokutwa naye, si ulevi. Kinyume cha Kanada kabisa. Hii sikuitegemea.

#24 Binti Ukerewe

Ongeza bima. Naamini bima ndiyo inayoamua zaidi ya bunge. Bima kubwa karibu zote zina kifungu: dereva akiwa amelewa kilevi chochote, gari lako hatulitengenezi. Neno ni "kilevi chochote", halina habari na uhalali wa nchi. Kwa mtu wa tatu aliyeumizwa, Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inambana mwenye bima alipe hukumu hata kama dereva alikiuka masharti, kisha anageuka kumdai mwenye gari. Kwa hiyo hata nchi ikiruhusu bangi kesho, mwenye basi ataendelea kupima, kwa sababu hela ni yake.

#25 Mwamba wa Bismarck

Bima inafuata hatari, haiitengenezi. Ukitaka kujua hatari, majaribio ya kuendesha yameonyesha mara nyingi kwamba aliyevuta anayumba ndani ya njia yake na anachelewa kuitikia, hasa mambo mawili yakija pamoja: kioo cha pembeni na mbuzi barabarani. Ila mara nyingi anapunguza mwendo na kuacha nafasi mbele, tofauti na mlevi wa pombe anayejiona rubani. Ndiyo maana takwimu za ajali zinabishaniwa. Akichanganya vyote viwili, ule uangalifu unakufa.

#26 Dagaa Mchele

Mimi nina swali la daladala. Konda anavuta ndani, madirisha yamefungwa kwa mvua. Dereva hajagusa. Akipimwa anafeli?

#27 Kipimajoto

Kwa kipimo cha mkojo cha 50, kwa mazingira ya kawaida hapana. Kizingiti kimewekwa juu kiasi hicho makusudi. Ilipotokea watu wakavuka ni kwenye chumba kidogo kilichofungwa kabisa, moshi mpaka macho yanatoa machozi, na ilikuwa saa chache tu. Kwa hiyo "nilivuta moshi wa konda" maabara hawaipokei, na Wamarekani wameikataa waziwazi. Ila mate yanaweza kushika moshi wa karibu kwa muda mfupi. Hilo ni muhimu kwa sababu Marekani Mei 2023 walikubali kipimo cha mate kiwe mbadala wa mkojo: kinakatia 4, kikirudiwa 2, na kinatafuta THC yenyewe. Kinashika takriban siku moja, si mwezi. Hicho kinajibu #13: ni hatua kutoka kupima "umewahi" kwenda kupima "juzijuzi". Masharti yao ni kwamba maabara mbili ziwe zimeidhinishwa kwanza.

#28 Mchuzi wa Sangara

Na yale mafuta ya katani ya kupaka magoti?

#29 Utingo Mstaafu

Katani ni mkonge mzee wangu, uko Tanga, unasukwa kamba. Unazungumzia bangi isiyolevya.

#30 Mchuzi wa Sangara

Kamba, bangi, vyote vinafunga.

#31 Wakili Kahawa Chungu

Hiyo isiyolevya Marekani 2018 waliihalalisha ikiwa na THC isiyozidi asilimia 0.3. Chupa nyingi zinadanganya kwenye lebo. Dereva akifeli akasema ni mafuta, haisaidii. Daktari anahesabu amefeli tu.

#32 Mwana Busisi

Sasa kuna mameneja usafirishaji humu najua mnasoma kimya. Vipimo vya kadi vya mkojo mnavinunua famasi, mnachovya kwenye mkojo wa dereva, mkiona mstari mmoja tu mnamwandikia barua siku hiyohiyo. Hilo ni kosa, na ndilo linalowapeleka CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi.

Kadi ni kichujio. Haina uhakika wa kumfukuza mtu. Kuna dawa zinazoidanganya. Mojawapo ni efavirenz, ambayo kwa miaka mingi ilikuwemo kwenye dozi ya ARV hapa nchini. Kwenye baadhi ya kadi inasoma kama bangi. Fikiria unamlazimisha dereva ajieleze mbele ya konda na mhasibu: ama anakuwa mvuta bangi, ama anatangaza afya yake. Ndiyo maana ya yule daktari anayehakiki majibu, wa #3 na #14, kukaa katikati: anampigia dereva faraghani, anauliza dawa, anafunga mdomo, na kwa mwajiri anatoa neno moja tu.

Utaratibu unaosimama: sera iandikwe kwa Kiswahili na dereva asaini kabla, siyo baada. Itaje kazi zipi ni za hatari, ili karani asiingizwe. Sampuli igawanywe mbili. Kadi ikionyesha, muondoe kwenye usukani kwa mshahara, peleka maabara irudiwe kwa mashine. Jibu likirudi, muite kwenye kikao kwa barua, aje na mwenzake, ajitetee. Kanuni za utendaji bora, GN Na. 42 ya 2007, zinataka sababu ya haki *na* utaratibu wa haki. Ukikosa kimoja umeshindwa. Yeye ana siku 30 kupeleka lalamiko.

#33 Kipimajoto

Nyongeza ndogo: kadi zisikae kwenye dashibodi ya gari. Nyingi mwisho wake ni nyuzi 30. Juani Igoma saa nane mchana ndani ya kibin ni zaidi ya hapo, na kadi iliyoungua inasoma chochote inachotaka.

#34 Binti Ukerewe

Na usingizi? Mnapima bangi kwa mashine mbili na daktari, halafu dereva ana saa kumi na nne kwenye usukani. Sheria inataka basi la safari ya zaidi ya saa 8 liwe na madereva wawili, na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wana kifaa kinachosoma dereva yupi kaingia. Watu wanaingiza utambulisho wa mwenzake, anayeendesha ni yuleyule. Mirungi na bangi mara nyingi ni jibu la ratiba mbovu.

#35 Nyegezi Stendi

Hilo ni uzi mwingine dada, na ukiuanzisha nitakuja. Shukrani kwa wote. Mpaka sasa nina Wakili na jedwali lake, Kipimajoto na mafuta ya mwili, Binti Ukerewe na uzito wa semi kisha bima, na hakuna aliyekubali kushindwa.

#36 Wakili Kahawa Chungu

Sijashindwa mimi.

#37 Fuso Nyeusi

Swali la mwisho kabla sijalala. Tukileta huo utaratibu wa #14 stendi ya Nyamhongolo alfajiri, mabasi thelathini yanawasha injini, madereva wamepanga foleni na vikopo. Bomba zifungwe, maji yatiwe bluu. Hela ya choo analipa nani?

#38 Mwamba wa Bismarck

Mwajiri. Anayetaka kipimo ndiye alipe.

#39 Fuso Nyeusi

Na yule mama wa mlangoni atakubali bomba zake zifungwe?

#40 Utingo Mstaafu

Hapo hata FMCSA watasalimu amri.